Zambarau si bluberi: ujue ukoo wa bluberi kabla hujatoa hela ya miche

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya viwavijeshi, lakini kuna jambo limenikaa kooni na nimeona nilimalize kwanza. Ni kauli yangu mwenyewe ambayo inabidi niirekebishe hadharani, kwa sababu niliitoa hadharani.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa upande wa Nsimbo, mkulima wa vitunguu na nyanya, alikuja ofisini akiwa ameshika mche ndani ya kiriba. Amevaa vizuri, ana furaha. Akaniambia, "Bwana shamba shikamoo. Nimepata bluberi ya Afrika, nimechukua miche sitini. Nimekuja unipe nafasi za kupandia."

Nikachuma jani moja, nikalifikicha, nikanusa. Harufu ilikuwa ile ya jani la mpera. Nikatazama majani yalivyokaa kwenye tawi: mawili mawili, yanaangaliana. Nikamwambia, "Mdogo wangu, huu ni mzambarau mwitu. Kule mtoni kwenu ipo tele."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu tu, bila hasira, "Lakini bwana shamba, wewe ndo ulitwambia kwenye semina kwamba zambarau pori ndiyo bluberi yetu ya Katavi."

Ni kweli nilisema. Siku ile nilikuwa nazungumzia kusindika matunda ya porini, nikataka kuwachangamsha watu, nikatupa neno hilo na watu wakacheka. Kumbe kuna mtu aliliandika kwenye daftari. Akatokea muuzaji wa miche, simtaji, akamuuzia kijana wangu kila mche kwa bei inayokaribia debe la mahindi. Sitini. Mche ambao angeung'oa bure kando ya mto.

Kwa hiyo makala ya leo ni ya ukoo. Bluberi ni nani, imetoka wapi, ndugu zake ni akina nani, na kwa nini swali la ukoo ndilo linaloamua kama hela yako itarudi. Najua wengine mkiona majina ya Kilatini mnafunga simu. Vumilieni, ni machache, na kila jina nililoweka lina kazi yake.

Rangi haiwezi kukuonyesha ukoo

Kwenye pori letu la miombo kuna matunda mengi meusi au ya zambarau. Kuna zambarau mwitu, kuna furu, kuna ntalali ambazo wenzetu wa Tabora wanazipenda sana. Bustanini kuna mnavu nao unazaa vitunda vyeusi. Mtoto ukimpa picha ya bluberi akiwa hajawahi kuiona, atakwambia ni mojawapo ya hivi. Hata mtu mzima anaweza kukosea, mimi ni shahidi.

Sababu ni kwamba tunda halipaki rangi kwa ajili ya ukoo wake, linapaka kwa ajili ya mteja wake. Ndege na wanyama wanaokula matunda ndio wanaosafirisha mbegu. Tunda jeusi au la bluu iliyokolea linaonekana vizuri kwenye majani mabichi, linaliwa, mbegu inadondoshwa mbali. Mimea isiyohusiana kabisa imefika kwenye dawa hiyohiyo, kila mmoja kwa njia yake. Ni kama popo na mwewe: wote wanaruka, lakini popo ananyonyesha.

Zambarau mwitu, Syzygium guineense, yuko kwenye familia ya Myrtaceae. Ndugu zake ni mpera, mkaratusi na mkarafuu wa Zanzibar na Pemba. Ndiyo maana jani lake lina mafuta na harufu. Furu na ntalali ni jenasi ya Vitex, familia moja na mrehani. Mnavu ni ndugu wa nyanya na bilinganya. Bluberi haimo kwenye koo hizo zote. Yeye ni wa familia ya Ericaceae, jenasi Vaccinium.

Mtego mkubwa uko kwa zambarau, kwa sababu zote mbili zina kile kitaji kidogo kwenye ncha ya tunda, pale ua lilipokuwa. Watu wengi wanafundishwa kwamba bluberi inatambulika kwa taji. Haitoshi. Pasua tunda. Zambarau ina mbegu moja kubwa, bluberi ina vijimbegu vingi vidogo sana ambavyo unavitafuna bila kujua. Kisha angalia majani: ya zambarau yanaangaliana, ya bluberi yanapishana, moja huku, moja kule. Na ua: la zambarau ni kama brashi la nyuzi nyeupe, la bluberi ni kikengele kidogo kinachoning'inia, mdomo chini. Furu haina shida, jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono na tunda lina kokwa ngumu. Mnavu una ua jeupe la nyota lenye kitu cha njano katikati, na kikonyo kimebeba kijinyota cha kijani nyuma ya tunda, siyo mbele.

Huo mkanganyiko wa mnavu msiucheke. Mwaka 1909 huko Marekani kuna mtu maarufu wa kuzalisha mimea, Luther Burbank, ambaye mnavu aliouzalisha uliuzwa kwa mbegu na kutangazwa sana kama beri ya ajabu. Wataalamu wakaja juu, magazeti yakabishana, mmea wenyewe ukabaki kuwa ni wa jamii ya mnavu. Marekani, kwenye nchi yenye bluberi porini! Sembuse sisi ambao wengi tumeiona kwenye simu tu.

Ukoo wenyewe

Jina Vaccinium lilirasimishwa na Linnaeus, Mswidi, mwaka 1753. Leo jenasi hii inahesabiwa kuwa na spishi zaidi ya 400, na wengi hawajui kwamba nyingi ziko kwenye milima ya nchi za joto, hasa Kusini Mashariki mwa Asia. Mimi nilisoma chuo nikiamini bluberi ni kitu cha theluji. Siyo hivyo. Colombia, karibu na ikweta, kuna Vaccinium meridionale inayoota kwenye milima ya Andes na watu wanaiokota na kuiuza sokoni.

Na Afrika? Ipo. Milima ya Rwenzori, mashariki ya Kongo, Rwanda na Burundi kuna Vaccinium stanleyi. Huyo Stanley ni yuleyule wa Ujiji, jina lilitolewa kwa heshima yake na mtaalamu wa mimea Mjerumani, Schweinfurth. Kusini mwa bara, milimani kuanzia Malawi hadi Afrika Kusini, kuna nyingine iitwayo Vaccinium exul. Exul kwa Kilatini ni mtu aliye uhamishoni. Aliyeipa jina aliona huyu yuko mbali na nyumbani, ndugu zake wako ng'ambo. Madagaska nako wapo.

Kwa hiyo ukitaka "bluberi ya Afrika" ya kweli, hao ndio. Wote wanakaa milimani kwenye baridi na ukungu, kwenye udongo wa asidi. Kwenye miombo yetu ya Katavi, joto lile la Oktoba mnalijua, hawapo. Na hakuna hata mmoja kati yao ambaye ndiye unayemuona kwenye vile vikopo vya plastiki supamaketi. Huyo ni wa Amerika Kaskazini.

Kabla sijaenda huko, niseme kitu kimoja juu ya familia nzima ya Ericaceae, maana kimebeba nusu ya gharama za kilimo hiki. Waliowahi kupanda Kilimanjaro wanajua, ukitoka kwenye msitu, kwenye mita 3,000 hivi, unaingia kwenye ukanda wa vichaka vya Erica. Huyo ni binamu wa bluberi. Familia hii imejijenga kuishi kwenye udongo maskini wenye asidi kali, ambako mimea mingi inashindwa. Imefanyaje? Mizizi yake ni myembamba kama nywele, na haina vile vinyweleo vya mzizi ambavyo mahindi au nyanya wanavyo. Badala yake inaishi na kuvu maalumu ndani ya mizizi. Kuvu wanamega chakula kutoka kwenye mabaki ya majani yaliyooza nusu, wanaupa mmea, mmea unawapa sukari. Ni mkataba wa zamani sana.

Ukiuelewa mkataba huo, huhitaji kukariri kitabu cha mbolea. Mmea uliozaliwa kwenye asidi haukuwahi kujifunza kutafuta madini ya chuma kwenye udongo wa kawaida. Ukiupanda kwenye pH ya 6.5, udongo ambao mahindi yangekushukuru, majani yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, na mmea unadumaa. Bluberi inataka pH kati ya 4.5 na 5.5. Naitrojeni inaipenda ya amonia, siyo ya naitreti. Ndiyo maana SA inaifaa na CAN inaiumiza polepole. Samadi mbichi, majivu, chokaa, hivyo vyote ambavyo mimi na wenzangu tumewaimbia miaka yote kuwa ni rafiki wa udongo, kwa huyu ni adui.

Spishi 24 au 9?

Bluberi za kweli ni kundi moja ndani ya Vaccinium, linaitwa Cyanococcus, na asili yake ni Amerika Kaskazini. Kranberi ni ndugu wa karibu lakini yuko kundi jingine. Ile bilberi ya Ulaya, Vaccinium myrtillus, nayo ni kundi jingine. Ukiipasua ndani ni zambarau iliyoiva hadi katikati, inakuchafua meno. Bluberi ukiipasua nyama yake ni nyeupe au kijani hafifu, rangi iko kwenye ganda tu. Na hata ubluu wenyewe ni ule unga wa nta juu ya ganda. Ukiufuta kwa kidole unakuta tunda ni jeusi.

Sasa ndani ya Cyanococcus wataalamu hawajawahi kukubaliana. Mwaka 1945 mtaalamu aitwaye Camp alihesabu spishi 24. Baadaye, miaka ya 1980, Mkanada Vander Kloet akapitia upya porini akasema hapana, ni 9. Mimea ni ileile! Wala siyo kwamba mmoja alikuwa mvivu. Tatizo ni kwamba bluberi zinaoana ovyo, na pia zina jambo la seti za kromosomu.

Jambo hili mnalijua bila kujua kuwa mnalijua. Muhogo una seti mbili za kromosomu, kama mimi na wewe. Viazi mviringo vina seti nne. Viazi vitamu vina seti sita. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu, ndiyo maana hazina mbegu. Bluberi nazo zina ngazi hizo: kuna za seti mbili, ambazo ni kromosomu 24, kuna za seti nne, 48, na kuna za seti sita, 72. Mara mojamoja mmea wa seti mbili unakosea wakati wa kutengeneza chavua au yai, haugawanyi, unatoa seti zote mbili nzima. Chavua hiyo ikikutana na yai la mmea wa seti nne, mtoto anatoka na seti nne, mzima, anazaa. Kwa hiyo mipaka ambayo kwa mimea mingine ni ukuta, kwa bluberi ni uzio wa miiba, mbuzi anapenya.

Camp aliona kila ngazi ya seti ni spishi yake. Vander Kloet alisema kama kwa macho hutofautishi, na porini zinaoana, basi weka pamoja. Vipimo vya vinasaba vimeleta jingine tena: mwaka 2002 Kathleen Kron na wenzake walionyesha kwamba jenasi nzima ya Vaccinium siyo ukoo mmoja uliokamilika. Kuna spishi ndani yake zilizo karibu zaidi na mimea ya jenasi nyingine kuliko na Vaccinium wenzao. Ni kama kijiji kinachoitwa jina la ukoo mmoja, ukifuatilia unakuta nyumba kadhaa ni wakwe.

Kwako mkulima, chukua wanne tu.

Wa kwanza ni Vaccinium angustifolium, bluberi fupi. Huyu ndiye anayeitwa "bluberi ya porini" kwenye pakiti zilizogandishwa. Anatoka Maine na mashariki ya Kanada, ardhi ambayo zamani ilifunikwa na barafu. Barafu ilipoyeyuka ikaacha mchanga maskini, yeye akaingia. Anatambaa chini ya ardhi kwa shina kama la tangawizi, mmea mmoja unaweza kufunika eneo kubwa. Wenyeji wa asili wa huko walikuwa wanachoma moto maeneo yake ili achipue upya, na hadi leo wakulima wanachoma au kufyeka, kisha wanavuna mwaka unaofuata. Hapandwi kwa mistari, anatunzwa tu alipo. Watu wa Katavi mnaojua moto wa Juni na jinsi miombo inavyochipua, mnaielewa hiyo.

Wa pili ni Vaccinium corymbosum, bluberi ndefu, kichaka kinachokupita kimo. Wa tatu ni Vaccinium virgatum wa kusini-mashariki ya Marekani, mwenye seti sita, mvumilivu zaidi wa joto. Wa nne ni Vaccinium darrowii wa Florida, kichaka kidogo cha magotini, seti mbili, majani madogo na hayapukutishi mwaka mzima. Tunda lake dogo, huwezi kupeleka sokoni. Mkumbuke huyu wa nne.

Namna pori lilivyogeuka shamba

Bluberi ni zao jipya mno. Mtama umelimwa Afrika maelfu ya miaka. Bluberi ndefu imeanza kulimwa juzi, babu zetu wakiwa hai. Mwaka 1906 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alianza majaribio. Watu walikuwa wanaihamisha kutoka porini, wanaipanda kwenye udongo mzuri wa bustani wenye samadi na chokaa, inakufa. Coville ndiye aliyeonyesha, kwenye kijitabu chake cha mwaka 1910, kwamba tatizo lilikuwa ule "uzuri" wenyewe. Inataka asidi.

Kijitabu kile kikamfikia Elizabeth White, ambaye familia yake ililima kranberi huko Whitesbog, New Jersey. Mwaka 1911 wakaanza kushirikiana. Nampenda sana mama huyu kwa njia aliyotumia. Aliwapa waokota matunda wa kijijini kipimo chenye tundu, akawaambia: ukiona kichaka porini chenye tunda lisilopita hapa, weka alama, nitakulipa, na kichaka kitaitwa jina lako. Mmoja aliitwa Rube. Kichaka chake kikawa 'Rubel', aina ambayo bado inalimwa. Wao walikuwa wanajua pori, Coville alijua kuzalisha. Mwaka 1916 wakauza mavuno ya kwanza.

Coville hakuishia hapo. Aliweka bluberi ndani ya nyumba ya kioo yenye joto wakati wa baridi, akidhani zitafurahi. Zikalala, zikagoma kuamka. Zile zilizopigwa baridi nje zikachanua. Mwaka 1920 akaandika kwamba mmea huu unahitaji baridi ili uamke. Leo tunahesabu saa za baridi, yaani saa ambazo joto liko chini ya nyuzi 7. Bluberi ndefu za kaskazini zinataka saa 800 hadi 1,000 na zaidi.

Hapa Mpanda, takriban mita 1,100 juu ya bahari, Juni na Julai tunajifunika blanketi na tunalalamika. Lakini nyuzi 7 ni hadithi. Kwa hiyo mtu akikuletea 'Rubel' au 'Bluecrop', hata kama ni bluberi halali yenye karatasi zote, umenunua mti wa mapambo.

Hapo ndipo anapoingia yule mdogo wa Florida. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida alianza kuoanisha bluberi ndefu na Vaccinium darrowii. Kwa hesabu za kawaida isingewezekana, seti nne kwa seti mbili. Lakini kumbukeni ule uzio wa miiba. Chavua zisizogawanyika zilipenya, zikatoa watoto wa seti nne waliochukua ukubwa wa tunda kutoka kwa mama na uvumilivu wa joto kutoka kwa darrowii. Miaka ya 1970 ikatoka 'Sharpblue'. Mwaka 1998 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatoa 'Biloxi', na hiyo ndiyo iliyobeba mwanzo wa bluberi pwani ya Peru, nchi ya jangwa na joto la wastani, ambayo leo inaongoza duniani kwa kuuza bluberi nje. Zimbabwe, na Kakuzi hapo Murang'a nchini Kenya, wote wanalima uzao huu wa kusini.

Kwa hiyo anayekwambia bluberi haiwezi kulimwa nchi ya joto anakosea. Na anayekwambia bluberi yoyote itaota anakosea zaidi. Inategemea damu ya nani imo ndani.

Turudi Nsimbo

Nilikwenda shambani kwa yule kijana na kipima pH. Nilijisikia nina deni. Bustani yake ya vitunguu ilisoma 6.4. Alikuwa anachoma masalia na kumwaga majivu kila msimu, kitu ambacho nilimfundisha mimi na kwa vitunguu sikijutii. Tukapima maji ya kisima, nayo yakasoma juu ya 7. Maji ya namna hiyo ukimwagilia bluberi kila siku, hata ukianza na udongo sahihi, miezi michache pH imepanda. Nje ya shamba, kwenye msitu ambao haujaguswa, tulipata 5.6. Afadhali, lakini ni mchanga mtupu, hakuna yale mabaki ya majani ambayo kuvu wa bluberi wanayataka.

Akaniuliza maswali ambayo nadhani na ninyi mnayo.

La kwanza: "Nikinunua yale matunda yaliyogandishwa nikatoa mbegu?" Hapana. Kwanza "ya porini" ni angustifolium, anataka baridi ya Kanada. Pili, bluberi ni chotara wa machotara, mbegu haitoi mama yake. Miche ya biashara inatoka kwenye vipandikizi au maabara. Na aina nyingi mpya zina haki za mzalishaji, huwezi kukata kijiti kwa jirani ukafungua kitalu.

La pili: "Nyuki wangu si watasaidia?" Ana mizinga, kama wengi hapa. Watasaidia kiasi. Kile kikengele cha ua la bluberi kinahifadhi chavua ndani ya vijimirija vyenye tundu nchani, kama kichupa cha chumvi. Nyuki wa asali hajui kuvitikisa. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa ndio wanaoshika ua na kuvuma mpaka chavua inadondoka. Tunawafukuza kwa moshi kwa sababu wanaharibu kenchi. Mtu mwenye bluberi inabidi aache magogo makavu shambani kwa ajili yao. Na apande aina mbili au zaidi, maana nyingi zinazaa vizuri zaidi zikipata chavua ya mwenzake.

La tatu ndilo gumu: "Sasa nifanye au nisifanye?" Nilimwambia, ukifanya, fanya kwenye ndoo au viroba, siyo ardhini. Weka makumbi ya nazi yaliyosagwa au maganda ya mti wa msindano yaliyooza, maji yashushwe pH kabla ya kumwagilia, mbolea SA kidogo kidogo. Anza na kumi. Gharama ya mche siyo tatizo kubwa, gharama ya kuutengenezea kwao ndiyo. Halafu ujiulize utauza wapi, tunda linaloharibika ndani ya siku chache bila baridi, kutoka Mpanda. Nilimwambia pia kwamba nyanda za Ufipa, kule Sumbawanga, wana baridi nafuu kuliko sisi, na mshindani wake atatokea huko.

Kuhusu muuzaji yeyote atakayekuja na miche, nilimwandikia maswali kwenye daftari lake lilelile. Jina la aina, siyo "bluberi" tu. Wazazi wake ni spishi gani, yaani ana damu ya darrowii au hana. Anahitaji saa ngapi za baridi. Imeingia nchini kwa kibali gani, maana miche ya kutoka nje lazima ipite kwa TPHPA. Akishindwa jina la aina, usiendelee na mengine. Na ukiwa na shaka na mmea wowote, kata tawi lenye majani, maua na tunda, likaushe katikati ya magazeti, uniletee. Hifadhi ya Taifa ya Mimea iko Arusha chini ya TPHPA hiyohiyo, wanatambua mimea kwa kazi.

Ile mizambarau sitini hatukuitupa. Arobaini tumeipanda kandokando ya kijito chake ambapo ukingo ulikuwa unamomonyoka, nyuki wake watapata maua. Ishirini tumeipeleka shule ya msingi, nami nikamlipa nusu ya gharama ya hiyo ishirini kutoka mfukoni. Hakutaka kupokea, nikamlazimisha. Mwalimu alipouliza ni miti gani, kijana akanitazama kwanza, kisha akasema, "Ni mizambarau, mwalimu. Mizambarau ya kawaida."